Mlima wa Karatasi: Watu Wasio na Majina Walioediti Picha Kabla ya Photoshop Kuzaliwa

Kuna aina ya picha inayozunguka sana mitandaoni. Treni ya mvuke inakatiza bonde, moshi unapanda, na nyuma yake milima ya bluu imejipanga mmoja baada ya mwingine. Watu wanagonga laiki, wanauliza hapo ni nchi gani, wengine wanaitana kabisa kwamba likizo ijayo lazima wafike. Halafu mtu mmoja mwenye macho makali anaivuta picha karibu na kuona kidole cha binadamu pembeni ya reli, kirefu kuliko dirisha la behewa. Kumbe treni nzima iko juu ya meza, na ile milima ni karatasi iliyobandikwa ukutani.

Hapo sifa zote huenda kwa aliyeijenga treni. Aliyetengeneza milima huwa hatajwi. Yeye ndiye aliyepiga picha za ukweli, akaziunga kwenye kompyuta, akafuta nguzo za umeme, akapunguza rangi, akachapisha na kubandika. Akifanya kazi yake vizuri, hakuna anayejua kwamba kuna kazi iliyofanyika. Ufundi huu una historia ya zaidi ya miaka 200, na imejaa watu wa namna hiyo.

HESABU INAYOMLAZIMISHA MTU KUDANGANYA

Kwa nini mtu mzima ahangaike na karatasi ukutani? Jibu liko kwenye hesabu.

Treni nyingi za mezani hujengwa kwa kipimo kinachoitwa HO, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87. Meza yenye kina cha sentimita 60, ukiigeuza kuwa dunia halisi, ni mita 52 tu. Hiyo ni kama umbali wa kutoka getini mpaka duka la jirani. Sasa chukua mlima ulio kilomita 10 kutoka relini. Ukitaka kuuweka kwa kipimo hicho hicho, unatakiwa uwe mita 115 kutoka kwenye treni yako. Chumba cha namna hiyo nani anacho? Hata ukumbi wa harusi hautoshi.

Kwa hiyo zile mita 115 lazima zikunjwe ndani ya karatasi nyembamba. Jicho lazima lidanganywe, tena likubali lenyewe.

KABLA YA KAMERA KULIKUWA NA PAZIA

Wa kwanza kuugeuza udanganyifu huu kuwa biashara kubwa alikuwa mchoraji mzaliwa wa Ireland, Robert Barker. Mwaka 1787, akiishi Edinburgh, alipata hataza ya njia ya kuchora mandhari inayomzunguka mtazamaji pande zote. Mwaka 1793 jengo lake maalumu la duara lilifunguliwa Leicester Square, London, na watu wakawa wanalipa kiingilio ili wasimame katikati ya picha. Neno panorama, ambalo leo liko kwenye kamera ya simu yako, lilianzia kwenye mradi wake huo.

Barker alielewa kitu ambacho wajenzi wa treni wanakitumia mpaka leo: picha haisalitiwi na ubaya wa mchoro, inasalitiwi na kingo zake. Mtu akiona mahali turubai linapoishia, mchezo umekwisha. Ndiyo maana ukingo wa juu ulifichwa na paa la jukwaa, na watazamaji walizuiwa wasisogee karibu mno. Kabla ya kufika walipitishwa kwenye njia yenye giza, macho yasahau mwanga wa mtaani. Siku hizi fundi wa treni hufanya yale yale: ukingo wa juu anauficha kwa ubao wenye taa, ukingo wa chini anauficha kwa miti na vichaka, na kona za chumba anazipinda ili kusiwe na mstari unaosimama katikati ya mawingu.

Mwaka 1822 Mfaransa Louis Daguerre, akiwa na mwenzake, alifungua Paris onyesho lililoitwa Diorama. Kitambaa cha upana wa mita 20 hivi kilichorwa mbele na nyuma, kikamulikwa kwa kupokezana. Taa zikibadilika, mchana unageuka usiku na kanisa tupu linajaa watu. Wapenzi wa burudani wa wakati ule walichanganyikiwa, kama wa leo wanavyochanganyikiwa na video za akili bandia.

Machi 1839 jengo hilo likateketea kwa moto, michoro na kila kitu. Lakini mwaka huo huo jina la Daguerre lilikuwa limeshasambaa duniani kwa jambo jingine kabisa: njia yake ya kunasa picha kwenye bamba la shaba lililopakwa fedha. Yaani mmoja wa wazazi wa upigaji picha alikuwa mtu wa mapazia. Picha ya kamera na mandhari ya kuchora zilitoka mikononi mwa mtu yule yule.

ANGA LA KUAZIMA

Watu husema zamani picha hazikuwa na uongo. Waulize wapiga picha wa miaka ya 1850.

Dawa zilizopakwa kwenye vioo vya wakati huo zilikuwa na kiherehere na rangi ya bluu. Ukipiga picha ya bahari mpaka bahari ionekane vizuri, anga linaungua na kubaki jeupe tupu. Ukipiga kwa ajili ya mawingu, bahari inakuwa giza. Mfaransa Gustave Le Gray akaja na mbinu: piga picha mbili, moja ya maji na moja ya anga, kisha ziunganishe kwenye mstari wa upeo wa macho wakati wa kuchapa. Picha zake za bahari za mwaka 1856 na 1857 zilisifiwa sana, na mawingu yale yale yanaonekana kwenye picha zaidi ya moja. Jamaa alikuwa na anga la akiba.

Leo programu ya simu inabadilisha anga kwa kubonyeza mara moja. Kazi ni ile ile, kasoro giza la chumba cha kusafishia picha na harufu ya kemikali.

Pwani ya Afrika Mashariki nayo ilikuwa ndani ya mchezo mapema. Zanzibar ilikuwa na studio za wapiga picha wenye asili ya Goa tangu karne ya 19, na pazia la kuchora likawa sehemu ya studio za mijini. Babu na bibi wengi walipiga picha ya kwanza ya maisha yao mbele ya ngazi ya jumba ambalo halikuwapo. Baadaye, miaka ya 1990, wapiga picha wa kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, walipamba vibanda vyao kwa meli, ndege na majengo marefu. Mtu aliyetoka bara kutafuta maisha alisimama mbele ya ndege ya rangi, akapigwa, akatuma picha nyumbani. Waliopata picha hizo walijua ni pazia, na hawakuona tatizo. Picha ilikuwa inasema mtu anataka kufika wapi, wala haikuwa ripoti ya polisi kuhusu alipo.

Wachoraji wengi wa mapazia hayo hawakuandikwa popote.

TRENI ZINAPANDA MEZANI

Mwaka 1891, kampuni ya Kijerumani ya Märklin ilipeleka kwenye maonyesho ya Leipzig treni za kuchezea zenye vipimo maalumu vya reli. Hapo mnunuzi akaweza kuongeza kipande baada ya kipande. Mwaka 1920 Hornby wakaingia sokoni Uingereza na treni za kujaza kwa ufunguo. Kadiri treni zilivyozidi kuwa ndogo ndivyo zilivyopanda kutoka sakafuni kwenda mezani, na zilipofika mezani zikaleta aibu mpya: sasa ziko usawa wa macho, na nyuma yake kinachoonekana ni ukuta wa sebule na kalenda ya mwaka juzi.

Wengi walianza kwa kupaka ukuta rangi ya bluu. Wenye mkono wa kuchora wakaongeza vilima. Viwanda navyo vikaona upenyo, vikaanza kuuza mandhari zilizochapwa kwenye karatasi, tayari kubandika. Tatizo ni kwamba kijiji kile kile kikatokea nyuma ya treni za watu wengi.

Uingereza, John Ahern alianza mwishoni mwa miaka ya 1930 kujenga reli ya kubuni aliyoiita Madder Valley. Kwake treni haikuwa mfalme. Ilikuwa inapita tu katikati ya vijiji, mto na bandari, kama treni inavyofanya kwenye maisha ya kweli. Wakati huo wengi walikuwa bado wanashindana nani ana injini nzuri.

Roye England, kijana kutoka Australia, alifika Uingereza miaka ya 1920 na kupenda eneo liitwalo Vale of White Horse. Aliona nyumba za zamani za kuezekwa kwa nyasi zikibomolewa au kubadilishwa mbele ya macho yake, akaamua kuzihifadhi kwa njia pekee aliyoweza: kuzipima, kuzipiga picha na kuzijenga upya kwa kuzipunguza mara 76. Kazi hiyo ikazaa Pendon, jumba la makumbusho katika kijiji cha Long Wittenham, lililoanza mwaka 1954. Madder Valley ya Ahern nayo imehifadhiwa humo. Watu wa kujitolea wameendelea kujenga kwa miaka mingi, nyumba moja ikichukua miezi au hata miaka. Wageni wanaingia, wanashangaa, wanaondoka bila kujua paa lipi limetengenezwa na mkono wa nani.

MOTO WA MONTEREY

Ukiuliza wapenzi wa treni ndogo nani alikuwa bingwa wa kudanganya macho, wengi watakutajia Mmarekani John Allen wa Monterey, California. Na kazi yake ya kumpa mkate ilikuwa nini? Mpiga picha.

Allen alijenga kwenye chumba cha chini cha nyumba yake reli ya milimani aliyoiita Gorre & Daphetid. Ukilitamka jina hilo kwa Kiingereza utasikia utani wake. Milima ilianzia sakafuni kupita kichwa cha mtu. Alichora mandhari nyuma, akaficha vioo mahali pa ujanja ili barabara fupi ionekane ndefu na jengo moja lionekane mawili. Alizipaka treni zake kutu na masizi wakati wengine wanang'arisha za kwao. Pale stesheni alikuwa hata na mnyama wa kale, dainosaria, anayefanya kazi ya kusukuma mabehewa.

Kwenye kamera alitumia tundu dogo sana la mwanga ili mbele na nyuma vyote vionekane vikali, kwa sababu picha yenye ukungu nyuma humwambia mtazamaji mara moja kwamba anaangalia kitu kidogo. Picha zake zilichapwa kwenye magazeti ya wapenzi wa treni, na kizazi kizima kikajifunza kutokana nazo.

Januari 1973 Allen alifariki. Siku chache baadaye, nyumba yake ikashika moto na Gorre & Daphetid ikaungua karibu yote. Kazi ya zaidi ya miaka 20 iliisha kwa usiku mmoja, kama ilivyokuwa kwa Diorama ya Paris.

Kilichobaki ni picha. Kila anayeifahamu reli ile leo bila kuwa na umri wa kumwona Allen, anaifahamu kwa picha alizopiga yeye na marafiki zake. Milima ya plasta imekwenda, ila picha ya milima ya plasta ipo.

NDUGU WAWILI NA KOMPYUTA

Miaka ya 1960 na 1970 walikuwepo waliojaribu kubandika picha halisi nyuma ya treni. Kukuza picha hadi mita kadhaa kulikuwa na gharama, rangi zilipauka, na kipande kimoja hakikufanana na kingine. Mishono ilionekana kutoka mlangoni.

Mwaka 1987 Thomas Knoll, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan, alianza kuandika programu ya kuonyesha picha kwenye kompyuta yake. Kaka yake John, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya madoido ya filamu, akaona hii inaweza kwenda mbali. Februari 1990 Adobe ikaitoa kwa jina la Photoshop. Mwaka 1994 toleo la 3 likaleta matabaka: anga tabaka lake, milima lake, miti lake. Ile kazi ya vioo viwili vya Le Gray sasa ikawa kwenye skrini, na ukikosea unarudi nyuma. Mwaka 1996 GIMP ikaingia mitaani bure, kwa wasiokuwa na hela ya leseni. Printa za wino zikashuka bei, na mafundi wa mabango wakawa kila mji.

Mlango ulifunguka kwa mtu yeyote mwenye kamera na subira.

KAZI YENYEWE IKO HIVI

Chukua meza ya mita 6 na mandhari yenye kimo cha sentimita 40. Ukichapa kwa nukta 150 kila inchi, unahitaji picha yenye upana wa pikseli 35,000 na ushee. Simu ya megapikseli 12 inatoa pikseli 4,000 kwa upana. Ukiacha kila picha ifunike theluthi hivi ya mwenzake ili programu ipate pa kuunganisha, unapiga picha 13 au 14, ukisimama sehemu moja na kugeuka taratibu, bila kubadilisha mwanga wa kamera. Ukiacha simu iamue yenyewe, kila kipande kitakuwa na anga la rangi yake, na hapo utalia.

Kisha upeo wa macho. Unawekwa karibu na usawa wa macho ya mtazamaji, ukizidi hapo treni inaonekana kama iko shimoni. Jua nalo: kama vivuli vya picha vinaelekea kushoto na taa za chumba zinatupa vivuli kulia, ubongo unagoma hata kama mtu hajui kwa nini.

Baada ya hapo inakuja sehemu inayowashinda vijana wa filta. Kwenye simu, mazoea ni kukoleza: kijani kiwake, anga lilie. Huku ni kinyume. Hewa iliyo kati ya jicho na mlima hupunguza makali na kuleta ubluu, kwa hiyo kadiri kitu kilivyo mbali ndivyo kinavyotakiwa kupauka. Mandhari nzuri ikiwa peke yake inaonekana imefubaa, mtu anaweza kudhani wino ulikuwa unaisha. Weka treni mbele yake, ghafla inapumua.

Mwisho ni kufuta. Gari lililoegeshwa linatolewa, kwa sababu limeganda kwa pembe moja na mtazamaji akisogea hatua mbili linaonekana la karatasi. Barabara inayoelekea mbali inafichwa nyuma ya kichaka kwa sababu hiyo hiyo. Zinatolewa pia nyaya, minara ya simu na mabati mapya.

KUFUTA NI KUAMUA

Hapa kwenye kufuta ndipo ubishi ulipo, na unamhusu hata asiyejali treni.

Kwenye Jumba la Makumbusho la Reli jijini Nairobi imesimama injini kubwa ya mvuke namba 5918, jina lake Mount Gelai. Ni ya daraja la 59, injini 34 zilizojengwa Manchester miaka ya 1950 kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki na kupewa majina ya milima ya huku kwetu. Gelai wenyewe uko kaskazini mwa Tanzania, karibu na Ziwa Natron. Sasa fikiria mtu anataka kuijenga mezani injini hiyo ikitoka Mombasa kuja Nairobi mwaka 1956. Anahitaji mbuga nyuma yake. Anakwenda kupiga picha ukingoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, na kwenye kamera yake linaingia daraja refu la SGR, lililoanza kupitisha treni za abiria kuelekea Naivasha mwaka 2019. Nyuma yake kuna maghorofa.

Anafuta. Hana jinsi, mwaka 1956 daraja halikuwapo. Lakini mkono ukishazoea, hauishii kwenye daraja. Unafuta na kibanda cha mlinzi wa reli, na mama aliyebeba kuni, na nyumba za wafanyakazi, kwa sababu mbuga tupu inapendeza zaidi. Vitu hivyo mwaka 1956 vilikuwapo. Reli ile ilijengwa na kuendeshwa na watu, wakiwemo maelfu ya vibarua walioletwa kutoka India kuanzia mwaka 1896, na mandhari isiyo na mtu hata mmoja inasema kitu kuhusu historia hata kama aliyeichapa hakukusudia. Pendon walipima nyumba za watu wa kawaida kwa sababu hizo ndizo zilizokuwa zinapotea. Wangeweza kujenga vilima vitupu, ingekuwa rahisi zaidi.

Ndiyo maana mafundi makini huwa na kanuni moja isiyohitaji programu yoyote: picha ya awali haiguswi. Inahifadhiwa kama ilivyotoka kwenye kamera, na kazi yote inafanywa kwenye nakala. Leo daraja ni kero kwenye fremu. Miaka 60 ijayo kuna mtu atataka kulijenga mezani, treni yake ikipita juu, na atatafuta picha ya jinsi mbuga ilivyoonekana siku hizi, pamoja na nyaya zake na mabati yake.

Ikishachapwa, kabla ya kubandikwa, karatasi ina mgongo mweupe. Kalamu ya risasi inatosha: mahali, tarehe, kilichofutwa, na jina la aliyefuta.